Sanduku la Midundo Lipelekwe Shamba

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi ya kufungua barua za watu wenye hasira. Hii yangu ni ya mwananchi mtulivu, mpiga tumba wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, anayeandika akiwa ameikalia tumba yenyewe kwa kuwa haina kazi nyingine. Naomba gazeti lako liishawishi Serikali impeleke mzururaji mmoja kijijini akalime.

Mzururaji huyo ni sanduku.

Bendi yetu, Waya Moto, haina shirika wala kiwanda cha kuilea. Kiongozi wetu Gaudens, mpiga kinanda cha umeme, aliamua turekodi kanda nzima ya nyimbo nane kwa nguvu zetu, katika chumba cha nyuma cha duka la Narendra, fundi redio, kuta zote tumezifunika magodoro. Kumbe Narendra ameunda sanduku kutokana na redio mbovu, ukibonyeza swichi linapiga midundo lenyewe! Kanda imetoka, inaitwa Umeme Haulali, na inalia kila kibanda hapa Kariakoo. Tumba zangu hazimo hata pigo moja. Nimeachishwa. Naye balozi wetu wa nyumba kumi, Bibi Siwema, kaniambia kwa huruma kwamba siku hizi asiye na kazi mjini anarudishwa kwao. Kwetu ni Newala, na mimi na jembe tumeachana zamani. Naogopa, Mhariri, sikufichi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sanduku halina kitambulisho cha kazi. Halijapanga foleni ya sukari. Mgambo halijaenda hata siku moja. Mbona haliulizwi? Mimi nikitoka kununua maandazi tu, naulizwa nafanya kazi wapi.

2. Ni nyonyaji. Gaudens aliniomba nimpigie Narendra midundo yangu yote, taratibu, mmoja mmoja. Nami kwa ujinga wangu nikapiga kutwa nzima, nikashukuru kwa soda na kachori. Kumbe namfundisha kazi anayenirithi nikiwa hai! Tumekatazwa unyonyaji wa mtu kwa mtu, nami naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini wa sanduku kwa mtu, nani kauruhusu?

3. Sasa hili la tuzo ndilo lililonitoa roho. Miaka yote nikicharaza tumba, Mama Zamzam na kikundi chake cha akina mama hucheza mpaka jukwaani wakanituza, yaani wananivisha khanga begani watu wakiona. Siku ya dansi la kuizindua kanda, pale ukumbini karibu na Mnazi Mmoja, nilisimama pembeni, bega nimeshalitega. Akanipita! Akalivisha sanduku. Wenzake wakafuata, khanga juu ya khanga, mpaka likakaa kama biharusi. Iliniuma, nusura nilie.

4. Zile khanga zikalitia joto, likazimika katikati ya wimbo. Ungedhani watu watazomea. Thubutu! Walidhani ndio mtindo wenyewe, wakasimama mguu mmoja juu, wakingoja. Mimi kwa uchungu wa bendi nikagonga benchi kuokoa jahazi, nikaambiwa ninyamaze, naharibu muziki. Na mwandishi wako, bila haya, akasifu gazetini "ukimya wenye falsafa". Falsafa gani? Lilikuwa linaungua!

5. Tangu hapo mji mzima unacheza kwa kuganda. Sokoni nimeona mchukuzi kaganda na gunia la vitunguu kichwani, mwenye gunia anamsihi, yeye hatikisiki. Juzi Magogoni redio ya mtu iliisha betri, abiria wakaganda pale pale, kivuko kikaondoka kitupu kwenda Kigamboni. Leo vitunguu, kesho pamba, keshokutwa katani. Hili si suala la muziki tena, ni la uchumi wa Taifa.

Kwa hiyo naomba sanduku likamatwe, lipelekwe kijiji cha ujamaa chochote chenye upungufu wa watu, lipewe ekari yake na jembe kama wengine. Likishindwa kulima, kila mtu ataona kuwa ni kupe. Nami nirudishiwe nafasi yangu, Mhariri, kwa sababu nisipopiga tumba sijui nijiite nani.

Nisalimie wachapaji wote, mama anayewapikia chai, na yule mwandishi wa falsafa. Mwambie sina kinyongo, labda kidogo tu.

Ni mimi, mpinga uzururaji wa aina zote,
Kitwana, mpiga tumba asiye na pa kupigia

Nyongeza ya haraka: Kabla sijabandika stempu, Gaudens na Narendra wamebisha hodi. Sanduku linatafutiwa mtu wa kukaa nalo jukwaani, alipepee lisiungue na avae khanga zote kwa niaba yake. Ni kazi ya kudumu, na kitambulisho juu. Nimekubali kabla hawajamaliza kusema. Tafadhali, barua hii isome kama sifa. Maendeleo hayazuiliki, Mhariri, na Umeme Haulali ni kanda ya karne. Ila wako wapiga tumba chungu nzima wa bendi nyingine wanaorandaranda hapa mjini na kelele zao. Hao Serikali inawangojea nini?