Plasta ya Jicho

Aliyeanzisha zogo Jumamosi ile ni Gazeti, mwalimu mstaafu asiyeweza kusoma habari kimoyomoyo hata ukimlipa. Tulikuwa kwenye benchi letu nje ya kibanda cha Pini, fundi simu. Mimi ni kinyozi wa jirani, na nilikuwa nimekiacha kiti changu kikinyoa hewa.

"Sikilizeni makubwa haya!" akasema, akiukung'uta ukurasa. "Wataalamu waonya: watu wazima wajifanya watoto kwenye gemu za kompyuta, wawashawishi watoto wadogo kuwasha kamera!"

"Uongo huo," akadakia Breki, dereva wa lori, ambaye kazi yake kijiweni ni kupinga. "Mtu ana ndevu zake, atajifanyaje mtoto?"

"Kule hakuna ndevu, kuna jina na katuni," akajibu Pini bila kuinua kichwa. "Mimi nikitaka, sasa hivi naitwa Malaika, miaka saba, napenda farasi."

"Wewe Malaika?" Mama Kahawa akacheka hadi birika likamtetemeka mkononi. "Na hilo tumbo?"

"Mm," akasema Kisigino.

Lazima niwaeleze hii "mm". Kisigino ni fundi viatu, na akiwa kazini huibana midomoni misumari midogo, kumi na kitu kwa mpigo. Ukimsemesha, uwe mteja, mkewe au askari, jibu ni hilohilo. Siku hiyo, kwa kuwa habari ilimgusa, akaitema kiganjani na kuiweka kwenye meza ya Pini.

"Ndiyo maana mimi sina presha," akasema. "Binti yangu ana miaka minane, hazururi. Akitoka shule yuko sebuleni, mlango nimefunga, anacheza gemu la kujenga nyumba na rafiki yake, Paka Mwekundu. Katoto katulivu sana, kana miaka tisa."

"Umekaona?" akauliza Mama Kahawa.

"Nini?"

"Hako katoto."

"Kwenye gemu mtu anaonwaje?"

"Mama yake unamjua? Wanakaa wapi?"

"Mama Kahawa, ni paka! Paka amevaa buti. Tena buti zenyewe zimeshonwa vizuri."

Laptopu yenyewe ilikuwa palepale mezani kwa Pini. Kisigino aliileta asubuhi kwa sababu inajivuta, na kabla ya kuileta aliipiga brashi na dawa ya viatu mpaka ikang'aa kama ya mchumba.

"Ilikuwa chafu hiyo!" akaendelea, kifua mbele. "Hapo juu ya kioo kulikuwa na kipande cha plasta ya kidonda kimegandamana. Nimekibandua kwa kisu. Watoto bwana!"

Pini akaiweka chini bisibisi. "Plasta? Juu, katikati?"

"Hapohapo."

Pini akafungua mdomo aseme neno, lakini Breki, ambaye kwake breki ziko kwenye lori tu, alishaunganisha bando lake na kulifungua lile gemu "tumwone huyo paka". Muziki ukalia. Hazikupita sekunde kumi, maneno yakatokea kwenye kioo. Gazeti, bila kuombwa, akayasoma kwa sauti.

"Umekuja! Leo washa kamera nikuone. Uko peke yako?"

Yakaja mengine.

"Usimwambie baba. Hii siri yetu."

Mimi nina watoto watatu, na nikasogea karibu na kioo.

"Nimefundisha miaka thelathini," akasema Gazeti polepole. "Mtoto wa miaka tisa hakuulizi kama uko peke yako. Anakuuliza una nini cha kula."

Kisigino akasimama na nyundo. "Nipisheni!"

"Weka nyundo chini, utamponda nani, kioo?" Mama Kahawa akamshika mkono. "Hakuna kumjibu. Pini, piga picha hayo maneno kabla hajayafuta, kisha mfungie, twende polisi."

Pini akapiga picha kwa simu yake, moja, mbili, tatu. Breki naye akataka kusaidia. Baadaye aliapa kwamba alikuwa anatafuta pa kuyakuza maandishi. Akabonyeza. Taa ndogo ya kijani ikawaka juu ya kioo, na kioo kikajaa sisi: Breki na masharubu yake, Gazeti na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kipajini, mimi na kitana sikioni, Kisigino na nyundo, na Mama Kahawa kaliinua birika kama anataka kulirusha.

Kwenye spika ikatoka sauti nzito ya mwanamume mzima. "He! Nyie kina nani?"

"Watoto!" akajibu Breki. "Tuna miaka tisa!"

"Na mimi ndiye baba!" akanguruma Kisigino.

Paka Mwekundu akatoweka, yeye na buti zake.

Tulicheka mpaka Gazeti akadondosha miwani yote miwili. Halafu tukamwona Kisigino amekaa chini, na kicheko kikatuishia.

"Miezi miwili," akasema. "Miezi miwili huyo mtu yuko sebuleni kwangu, na mimi najisifu nimefunga mlango. Sijui ameona nini."

Akapiga simu nyumbani. Pini akaiweka kwenye spika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Yule Paka Mwekundu, amewahi kukuona kwa kamera?"

"Hapana. Si niliweka plasta kwenye jicho la kompyuta? Mwalimu ndiye aliyetuonyesha. Baba... umeitoa? Nilikuambia usiguse plasta ya jicho!"

Kisigino akatutazama mmoja mmoja, sijui akitafuta wakili. "Nilidhani unasema jicho la mwanasesere wako."

"Halafu yule si mtoto. Nilimuuliza mwalimu wake anaitwa nani, akasema amesahau. Nani anamsahau mwalimu?"

Gazeti akajipiga kifua kwa furaha.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuambia Jumatano. Nilikuja hapo kwenye viatu nikakuambia ananiomba kamera kila siku."

"Nikasemaje?"

"Ukasema 'mm'."

Mama Kahawa akammiminia kikombe bila kuulizwa.

"Nisamehe, mwanangu," akasema Kisigino. "Umefanya vizuri kuliko mimi. Kuanzia leo ukija, nitatema misumari kwanza. Na jioni nakaa nawe, unifundishe hilo gemu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Pini akaanza kufunga kibanda aende na Kisigino polisi na zile picha. Gazeti alikumbuka ghafla kwamba ana wajukuu, Breki akakumbuka tableti aliyowanunulia wanawe ili wasimsumbue, na mimi nilikuwa nimeshavuka barabara nusu, naelekea nyumbani, niliposikia ile spika tena.

"Baba, kwa kuwa nimekuwa na akili hivi, utaninunulia simu yangu mwenyewe?"

Nikageuka. Kisigino akaiokota misumari mezani, mmoja mmoja, akaipanga midomoni taratibu.

"Mm," akasema.