Mkwe Aliyegeuzwa Tambi

Al Garhoud,
Dubai.

Kwa Mheshimiwa Sulaiti,
Mkurugenzi, Makumbusho ya Tambi za Kikombe,
Al Jaddaf.

Mheshimiwa,

KUH: KUGEUZWA TAMBI PAMOJA NA MAMA MKWE WANGU, NA OMBI LA MBUZI

Salaam aleikum, na Bwana asifiwe vilevile, nisije nikakosea mlango. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Milly wa mapokezi ameniambia kwamba marehemu bibi yako alitoka Unguja, na kwamba wewe ukikasirika hukasirika kwa Kiswahili. Basi naomba ukasirike pamoja nami.

Mimi ni Fanuel, mlinzi wa hoteli, mzaliwa wa Bungoma, Kenya. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli kichakani. Sasa mama mkwe wangu, Mama Roselyne, amekuja kututembelea ili aone kwa macho yake kama binti yake Agneta ameolewa na mtu au ameolewa na sare. Akiridhika, Agneta atabaki nami. Asiporidhika, ataondoka naye Ijumaa, na mimi nitabaki na chumba.

Mheshimiwa, nampenda mke wangu. Ndiyo maana tangu mgeni afike nimetundika shuka katikati ya chumba chetu, ugali wangu nakula kwenye ngazi za jengo, na hata "Mama umeamkaje" naipitisha kwa Agneta. Niliwapeleka kwenu nikijua kwamba makumbusho ni mahali ambapo watu hutembea mbalimbali wakitazama vitu vilivyokufa nyuma ya kioo. Laiti ningalijua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlangoni mmeandika TAFADHALI GUSA. Makumbusho gani haya? Nilipokuwa shule ya msingi tulipelekwa kutazama chatu aliyekaushwa, na mwalimu alituchapa kabla hatujagusa, kwa tahadhari. Hayo ndiyo malezi.

2. Kijana wenu Hakim, aliyevaa kofia yenye umbo la kamba wa baharini, alitutangazia kwamba sisi si wageni tena, sasa ni unga, na tutapita kiwandani mpaka tutoke tambi. Akaamuru tushikane mikono wawili wawili. Agneta alikuwa msalani. Nilimvuta Hakim kando nikamweleza kwa upole kwamba mama yule ni mkwe. Badala ya kushtuka, akafurahi: "Mashallah, boss, family! Yalla, shika mama, tambi haikatiki!" Hakim ni Mganda, na Waganda nao wana mwiko huohuo, kwa hiyo asije akakwambia hakujua. Mkono ukashikwa. Nani alianza kuunyoosha, hilo sitaki kulisema.

3. Mna chumba mnachokiita kikaangio. Hakina mafuta, kina upepo wa moto unaotoka sakafuni, na watu wazima hurukaruka humo wakijifanya wanakaangwa. Upepo huo ulipeperusha kitambaa cha kichwa cha Mama Roselyne, na mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, nikakidaka. Kwa hiyo nywele za mama mkwe nimeziona, na kitambaa chake nimekishika. Kosa la kwanza lingesameheka. Hili la pili wazee wakilisikia watakaa kikao.

4. Mlimpa kila mgeni kikombe achore apendavyo. Mama Roselyne alinichora mimi. Alinichora ndani ya sare, na mikono mikubwa kuliko kiwiliwili, na Agneta alicheka mpaka akakaa chini. Kisha tuliketishwa meza moja, vikombe vikamwagiwa maji ya moto, tukaambiwa tungoje tambi ziive. Mheshimiwa, hujui kungoja mpaka ungoje ukitazamana na mama mkwe. Halafu Hakim akasema kwamba Wajapani hufyonza tambi kwa sauti ili kushukuru. Mimi nilifyonza kwa adabu. Mama Roselyne alifyonza mpaka meza ya jirani wakampigia makofi.

Kwenye teksi ya kurudi alitazama nje njia nzima. Jana nilimsikia akifunga sanduku upande wake wa shuka, na Ijumaa bado haijafika.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, mbuzi dume, mweupe, asiye na kilema, maana kwetu aibu ya namna hii huoshwa kwa mbuzi, na aliyeileta ndiye humtoa. Umlete wewe mwenyewe, tena uje na mzee wa familia yenu. Pili, foleni ya wakwe itenganishwe kwa pazia. Tatu, kwa kuwa pazia litakata tambi, na Hakim amekwisha kusema kwamba tambi haikatiki, itabidi mfunge kiwanda chote. Nne, kama kufunga hamwezi, nipewe cheti chenye mhuri kinachosema kwamba saa ile sikuwa mkwe bali nilikuwa tambi, na tambi haina mama mkwe. Cheti hicho kitanitosha, pamoja na mbuzi.

Nisalimie Milly, wapishi, wafagiaji na familia yako yote, wakubwa kwa wadogo. Hakim usimsalimie.

Wako katika fedheha,
Fanuel

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Mama Roselyne ameteremsha shuka, ameikunja, akavuta kiti mbele yangu na kuniambia, bila kupitia kwa mtu: "Fanuel, nina wakwe wengi, na hakuna hata mmoja ninayemjua. Wewe mkono wako ulitetemeka kuliko wangu." Agneta anabaki. Alhamisi tunarudi kwenu sote kabla ya safari, kwa hiyo tafadhali Hakim awe kwenye zamu, na upepo wa kikaangio muuongeze kidogo. Pazia msiweke. Mbuzi ukimleta, tutamla meza moja. Kile kikombe mama amekiviringisha kwenye kitambaa chake cha kichwa na kukiweka katikati ya sanduku, ili akawaonyeshe akina mama wa kanisa mkwe wake.