Nyavu za Baba Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya nne kazini. Cheo: Msaidizi wa Huduma za Jamii, Klabu ya Mpira wa Kikapu ya Pweza, Ukunda. Cheo cha majaribio, ndiyo, lakini kitambulisho ninacho shingoni na picha yangu imetoka vizuri. Nalala nacho.

Mkutano asubuhi. Mkuu wetu, Bi Jumwa, katangaza habari kubwa. Klabu itajengea shule moja uwanja wa saruji, na vikapu vya kweli. Shule moja tu! Zimebaki mbili. Ya kwanza iko juu Kwale, inasimamiwa na mwenzangu Ngala, kijana wa tableti na manukato. Ya pili ni Vumbani, huku kwetu Msambweni, naisimamia mimi. Wachezaji watakwenda Kwale Alhamisi na Vumbani Jumamosi, wacheze na watoto, kisha Bi Jumwa aamue.

Nilisimama nikasema mimi sina upendeleo. Sikutaja kwamba timu ya wasichana ya Vumbani inafundishwa na mke wangu. Haikuulizwa.

Miaka miwili sasa Hadiya anawafundisha wale watoto kwenye mchanga. Mpira haudundi, unazama puf! Ringi yao ni rimu ya baiskeli iliyopigiliwa kwenye mnazi. Anarudi jioni na mchanga mpaka masikioni, na bado anacheka. Katika miaka kumi na moja ya ndoa hajaniomba jambo kubwa ila hili la uwanja. Nitampa. Wallahi nitampa.

Bi Jumwa kanikabidhi nyavu mpya nne za vikapu, za Jumamosi. Kasema nisizipoteze. Nilicheka. Mimi nipoteze!

Jumanne, 15 Julai

Nimepoteza nyavu.

Nieleze kwa utaratibu. Niliamka na wazo zuri: nimpelekee Bi Jumwa machungwa nyumbani kwake Diani. Si hongo. Machungwa. Sokoni sikuwa na kikapu, na mifuko ya plastiki serikali ilikwisha kuikataza, nami ni raia mwema. Nikazikumbuka nyavu. Ukizifunga fundo kwa chini, kila moja inabeba machungwa kumi na mawili bila taabu! Niliwaonea huruma waliobeba makapu.

Nikapanda tuktuk. Njia nzima nafanya mazoezi ya maneno ya kumwambia Bi Jumwa. Nikashuka, nikabonyeza kengele ya geti, nikageuka kuchukua machungwa. Tuktuk hiyoo, inakwenda! Niliikimbiza mpaka kituo cha mafuta. Ukunda ina tuktuk ngapi? Zote za rangi moja.

Niliporudi Bi Jumwa alikuwa amesimama getini, ananitazama nilivyolowa jasho, mikono mitupu. Kauliza kulikoni. Nikasema nafanya mazoezi ya mwili. Kapendezwa sana. Kasema basi Jumamosi nitawaongoza watoto kukimbia raundi kumi.

Jumatano, 16 Julai

Sikulala. Kuungama kwa Bi Jumwa ni kumpa Ngala uwanja kwenye sahani. Alfajiri nikapata ufumbuzi: baba mkwe!

Mzee Zahoro, baba yake Hadiya, ni fundi wa madema na nyavu. Pwani yote hii ya kusini wavuvi wanamjua. Dema lake samaki akishaingia ndiyo kwaheri, hatoki mpaka atolewe. Tangu magoti yamzuie kwenda baharini hana kazi ya maana, anakaa barazani akikemea kuku. Nilijua atafurahi.

Shida ni moja. Mkwe ni mkwe. Mimi na Mzee Zahoro tunaheshimiana mpaka inaumiza. Siketi sawa naye, simtazami usoni, sineni neno refu, na sijapata kumwambia hapana. Mwaka jana alinitilia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari. Nilikunywa vikombe viwili na kusifu.

Basi nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa mkekani nikitazama vidole vyangu vya miguu. Nikaeleza: wavu wa kikapu, wa kuning'inia. Kauliza upana, nikaonyesha kwa mikono. Kauliza urefu, nikaonyesha. Kauliza kama chini aufunge kama kawaida. Wakati huo nilikuwa nawaza vile nitakavyomfunika Ngala, nikasema naam, Baba.

Malipo kayakataa. Kasema ni kwa ajili ya Hadiya na wasichana wake. Nilipoondoka alikuwa ameshatoa sindano yake ya kufumia.

Alhamisi, 17 Julai

Kwale. Siku ya Ngala. Sina wivu, naandika tu yaliyotokea. Watoto walipangwa mistari iliyonyooka kama rula. Waliimba wimbo wenye jina la klabu mara kumi na moja. Mpira ulipotoka nje, wote walisimama kwa adabu kungoja urudishwe. Tembo, nyota wetu, ambaye kimo chake kinapita mita mbili, aligonga kichwa kwenye mlango wa darasa, na hata hapo watoto walimpa pole kwa pamoja, kwa sauti moja. Ngala kapiga picha mia tatu. Kanionyesha zote.

Magharibi nikapitia nyavu kwa mkwe. Lo! Kazi! Uzi wa buluu, vifundo sawasawa, mkono wa mtu aliyefuma miaka sitini. Nikaupindua wavu wa kwanza nitazame chini.

Umefungwa.

Nikautazama wa pili. Umefungwa na huo. Ulikuwepo mpira wa Hadiya barazani, nikautumbukiza. Haukutoka. Niliuvuta kwa mikono miwili na goti ndipo ukatoka. Mzee kauliza kama nyavu zinafaa. Nikasema zinashinda za kiwandani. Kafurahi. Kasema basi hanipi leo, atazilowesha usiku kucha ili vifundo vikaze zaidi.

Nyumbani nikamsihi Hadiya akamwambie baba yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Kasema tangu jana baba yake anaimba, na hajamsikia akiimba tangu aache bahari. Yeye hawezi kwenda kumwambia kakosea. Aliyeulizwa swali ni mimi, na aliyejibu ni mimi, basi niende mwenyewe. Halafu kasema kwa sauti ya chini kwamba Kahaso, nahodha wake, anamaliza shule mwakani, na angependa mtoto acheze walau muhula mmoja mahali ambapo mpira unadunda.

Nilimwosha miguu mchanga, nikampa chai.

Ijumaa, 18 Julai

Mpango kamili. Baada ya sala ya Ijumaa Mzee Zahoro hubaki msikitini akisalimiana na kila kiumbe. Nikatoka wa kwanza, mbio mpaka kwake, mkasi mfukoni mwa kanzu. Nyavu zilikuwa zimeanikwa kambani. Nikakata chini ya wavu wa kwanza. Safi! Nikashika wa pili.

Nikasikia kikohozi.

Leo ndiyo siku aliyochagua kutosalimiana na mtu! Mkasi nikaurudisha mfukoni. Mzee kauinua wavu, kautazama kwa uchungu, kasema panya. Panya wa siku hizi, kasema, wanakula hata nailoni. Nikawalaani panya pamoja naye. Niliwalaani kwa moyo wote.

Akaketi palepale kuufuma upya. Safari hii kwa uzi wa mara mbili na fundo ambalo, kasema, papa mwenyewe halifungui. Kisha kwa tahadhari akaurudia na wa pili. Kaniomba nimshikie uzi. Nilimshikia saa nzima nikiwa nimepiga magoti, mkasi unanichoma paja, na kila alipoinua uso kuniuliza kama sasa zimekaza nilisema zimekaza sana.

Jumamosi, 19 Julai

Andika polepole, Tofiki.

Nilikuwa na mpango wa mwisho: nisizifunge kabisa, niseme nyavu zimesahaulika Ukunda. Nilipofika Vumbani saa moja Mzee Zahoro alikuwa ameshafika. Kanzu mpya, udi unanukia. Kaja na kijiji kizima. Yeye mwenyewe alisimamia nyavu zikifungwa kwenye vikapu vya kubebeka ambavyo klabu ilileta, kisha akakaa kiti cha mbele karibu na Bi Jumwa, akamweleza kila fundo. Bi Jumwa akanitazama. Nyavu zake zilikuwa nyeupe.

Raundi kumi nilikimbia tano. Niseme sita.

Mechi ikaanza, wachezaji wamechanganywa na wasichana. Kahaso akapata mpira mbali kabisa, miguu mchangani, akarusha. Mpira ukaenda juu, ukaingia katikati bila kugusa chuma. Sijaona mrusho mzuri kama ule kwa macho yangu. Watu wakaruka. Kisha kila mtu akangoja mpira ushuke.

Haukushuka.

Tembo akaunyofoa. Mchezo ukaendelea. Ukaingia wa pili, ukakaa, wasichana wakarudi kwenye nafasi zao. Watoto wakaanza kupiga kelele dema! dema! Ngala alikuwa amekumbatia mti kwa kicheko. Bi Jumwa kavua miwani. Nami nikamwona Hadiya. Hakunikasirikia, hapo ndipo ilipouma. Alikuwa ameuma midomo, macho yamemjaa maji, anawapigia wasichana wake makofi wasivunjike moyo. Nilijiona mtu duni. Nikasema moyoni, leo, mbele ya mkwe, mbele ya dunia, nasema kweli.

Nikasimama. Nikakohoa. Nikatangaza kwamba nyavu zimefungwa kwa makusudi, ni mbinu mpya ya kuwafundisha watoto subira.

Sijui ilitoka wapi. Mdomo ulikuwa wangu.

Hapo Mzee Zahoro akainuka. Kauliza, kwa sauti iliyofika barabarani: kwani inatakiwa itoke? Uwanja mzima ukaanguka kicheko, na Bi Jumwa akiwemo. Mzee akanigeukia. Kauliza kwa nini sikumwambia, na nilikaa kwake saa nzima nikishika uzi. Nikatazama vidole vya miguu. Kisha nikayatoa yote, mpaka machungwa, mpaka mkasi. Hata panya niliwasafisha jina.

Nilingoja ardhi inimeze. Mzee akacheka yeye sasa, cheko la kikohozi, akadai kisu. Tembo akainama, mzee akampanda mabegani, miaka sabini na sita, kanzu imekusanywa mapajani! Akakata fundo la kwanza. Akapelekwa upande wa pili, akakata la pili. Kutoka kule juu akasema na kijiji: yeye ni baba yangu, si simba, na tangu leo mkwe wake amwambie ukweli. Niliahidi kwa mkono kifuani.

Kahaso akarusha tena. Ukaingia, ukatoka! Nililia. Wengi walilia, sikuwa peke yangu.

Bi Jumwa hakutoa hotuba. Kasema kule Kwale mpira ulipotoka nje watoto walisimama tu. Hapa kila ulipokwama, wasichana wa Hadiya walirudi kwenye nafasi zao bila kuambiwa, wakapanga mbinu, wakafanya mazoezi bila mpira. Kasema waliofundishwa hivyo juu ya mchanga wanastahili saruji. Uwanja ni wa Vumbani!

Hadiya alikuja mbio, nikafungua mikono. Alinipita, akawakumbatia wasichana. Baadaye akarudi kwangu. Alinitoa mchanga kwenye nyusi kwa ncha ya mtandio, akanishika mkono mbele ya baba yake. Hilo hakuwahi kulifanya.

Kwa habari ya kazi, Bi Jumwa kaniongezea mwezi mmoja wa majaribio. Nyavu nne nitazilipa.

Jumapili, 20 Julai

Asubuhi ya raha. Hadiya anaimba jikoni, ameshachora uwanja nyuma ya kalenda, na mahali pa kivuli pa akina mama kukaa. Nilimtazama muda mrefu. Nikasema moyoni, Tofiki, umekuwa mtu mpya. Ukweli hauui. Leo ukienda kumshukuru mkwe, umtazame usoni.

Nikaenda. Shikamoo, marahaba. Nikamtazama usoni, karibu na sikio. Mzee Zahoro alikuwa na furaha ya mtoto. Hakulala, kasema. Uwanja wa wasichana wa Hadiya hauwezi kuwekewa ringi za dukani, za chuma baridi. Amezitengeneza mwenyewe! Akazitoa chini ya kitanda: fito za mkoko, zimekunjwa duara, zimesukwa kwa ule uzi wa buluu, zimesuguliwa mafuta ya nazi mpaka zinang'aa. Nzuri ajabu. Na upana wa kila moja ni kisahani cha kikombe cha chai.

Kaniambia nisimfiche safari hii. Nimwambie ukweli kabisa, kama mtoto kwa baba. Mpira utapita?

Nikasema utapita, Baba, na nafasi itabaki.

Alinishika kichwa akaniombea dua. Nimerudi nyumbani na ringi zote mbili, Hadiya hajaziona, ziko chini ya kochi. Hakuna cha kuogopa. Nimekwisha kumwandikia Bi Jumwa barua ya kurasa mbili, nikieleza kitaalamu kwa nini watoto wa pwani wanahitaji mipira midogo. Nimependekeza ya tenisi.