Mikono Minne ya Rangi Kwenye Boti ya Mjukuu

Jumatatu, tarehe 3 Agosti
Mjukuu kaacha boti yake ya rimoti hapa, imechubuka rangi. Jumamosi ana mashindano kwenye bwawa la bustani, na kutoka hapo atakwenda kulala likizo kwa bibi mmoja, atakayemchagua mwenyewe: mimi, mama wa mama yake, au yule wa upande wa baba, ninayemwita Marashi kwa jinsi anavyonukia hata kabla hajabisha hodi. Boti kainunua Marashi. Mtoto kutwa nzima boti ya bibi, boti ya bibi. Bibi huyo si mimi. Basi nitaipaka mwenyewe, kila atakayeiona aone kazi yangu. Shule niliishia la tatu, lakini geti la nyumba hii alilipaka nani?

Jumanne
Boti juu ya meza ya kulia. Rangi nyekundu ya mafuta, ileile ya geti. Mzee, mume wangu, akaja na chai yake, akasema inasuguliwa msasa kwanza, halafu inapakwa nyepesi. Nikamwuliza maishani amepaka nini zaidi ya siagi. Akaondoka. Rangi nyepesi ni ya wavivu. Nimepiga mikono miwili.

Jumatano
Mkono wa tatu, na wa nne. Kile kifeni cha nyuma kinachosukuma maji nikakiona bado cheusi. Mwili mzima umevaa, nyuma kubaki uchi? Nikakipaka hadi kwenye shina. Mzee akachungulia, akasema hicho, mama, hakipakwi. Nikamwambia akatafute miwani yake. Alikuwa ameivaa.

Ijumaa
Kimeganda. Boti inanguruma, kifeni hakigeuki. Nikakichokonoa kwa kisu cha vitunguu. Kilikuwa na mapanga matatu, moja likakatika. Yamebaki mawili. Binadamu ana miguu miwili na anafika. Binti yangu kapiga simu, eti boti imejaribiwa majini? Nikamwuliza yeye alilelewa na nani. Kitanda cha mjukuu nimekitandika, shuka mpya.

Jumamosi
Aibu. Boti ililala ubavu kwa uzito, ikatetemeka kama mwenye homa, ikazunguka palepale, ikazima katikati ya bwawa. Watoto wa watu wanacheka. Wangu hakulia, alinitazama tu, na hilo ndilo lililoniuma. Nikasema maji ya bwawa hili mazito. Marashi akavua viatu, akaingia na gauni lake la hariri mpaka kiunoni, akaitoa. Mtoto akamkumbatia vilevile alivyolowa. Kisha akaja kuniambia, kwa adabu zote, bibi usijali, ila boti nisikuachie tena. Akaenda kulala kwa Marashi. Marashi hakunisema hata neno. Angesema, ningejua pa kumshika.

Jumapili
Shuka hazijakunjika. Mzee anakula ameinamia sahani. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema hacheki. Nimefikiri sana, kosa nimelijua: nyekundu. Rangi ya nuksi ile. Binti yangu anasema Jumamosi ijayo mtoto atapita kunisalimia, anakuja na baiskeli yake. Nikamwuliza mnyororo wake una rangi gani. Mweusi, tena umejaa mafuta. Mafuta yatatoka kwa sabuni. Rangi nimeshanunua, nyeupe.