Meneja Ajifunza Kubaki Peke Yake

Jumatatu, 9 Februari
Tukitoka tu kwenda kazini, mke wangu Jael benki na mimi mapokezi hotelini, mtoto wetu wa mbwa anaanza kulia. Nilimwita Meneja ili nami niwe na meneja wa kumwambia keti. Haketi.

Jioni Mama Teresina, mwenye nyumba, kasimama mlangoni. Kasema kalea watoto saba mtaa huu wa Gudele na hakuna aliyelia hivyo. Ijumaa awe kimya au khalas, arudi alikotoka. Jael kamkumbatia mbwa, kanitazama mimi. Mbwa akienda, nimekwisha.

Jael anasema mbwa mdogo anahitaji kuzoeshwa watu. Watu gani, saa za kazi? Nina mpango.

Jumanne, 10 Februari
Nimerekodi sauti yangu kwenye simu ya zamani: “Tulia, baba yupo.” Inajirudia kutwa. Nikaificha chini ya godoro.

Meneja alimtafuta baba kwa bidii. Sponji imefika hadi uani. Jael kauliza baba atalala wapi leo.

Jumatano, 11 Februari
Kosa nimelijua: sauti ilikuwa ndogo. Leo simu juu ya kabati, sauti hadi mwisho.

Tumerudi, kimya! Simu imezimwa, iko mezani. Meneja kalala, tumbo limejaa, mdomo unanuka maziwa. Nimemwambia Jael somo limeingia. Kamnusa mbwa, kacheka peke yake.

Ijumaa, 13 Februari
Siku ya hukumu. Nimeomba ruhusa, nikarudi mapema. Mlango wazi, mbwa hayumo.

Nikazunguka nyuma. Kina mama wamekaa kwenye chai yao ya kila alasiri, Meneja anahama paja hadi paja akilishwa vipande vya mkate wa kisra. Mgeni akiingia, yeye ndiye wa kwanza kumsalimu.

“Ya Shem,” kaniambia Mama Teresina, “nyinyi Wakenya mnafungia kiumbe ndani na simu? Juzi niliingia kwa ufunguo wangu kuizima, akanifuata mwenyewe. Kila asubuhi mlete kwangu. Na ukiiwasha tena ile kelele, utahama wewe. Mbwa anabaki.”

Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo. Nikapewa chai.

Jumapili, 15 Februari
Nyumba shwari. Jael kanipikia chapati. Nimetafakari: kazi kubwa ilifanywa na simu, Mama alimalizia tu.

Griffin wa jikoni hotelini kanunua mbuzi wa Pasaka, analia kutwa nzima. Nimemwambia asihangaike. Nimeshamrekodia. Sauti yangu, maana ya kwake haitulizi mtu.