Gari Lililonuna Wiki ya Harusi

Jumatatu, 8 Julai

Leo ndiyo leo! Mzee Sagyn kaleta gari lake jeusi gereji kwangu. Si kwa fundi Meder hapo mkabala. Kwangu! Madirisha hayashuki, vioo vya pembeni havikunjuki, milango haijifungi kwa rimoti, na kiti cha abiria kinachoma makalio, tena mwezi wa saba. Jumamosi gari hilohilo limbebe bibi harusi wa mwanawe. Bibi harusi akalie jiko, madirisha yamefungwa? Thubutu!

Mzee kanivuta kando. Kasema kijana, gari likipona kabla ya Jumamosi, mama yako aje na hereni zake, sitamfungia mlango. Lisipopona, mama yake Meder naye anazo hereni, na yeye hachoki kubisha. Nimeelewa. Hereni zikishaingia masikioni mwa Burul, binti wa Mzee, basi, kachumbiwa. Nimeapa gari litakuwa tayari kesho.

Jumanne, 9 Julai

Halijawa tayari.

Nimeunganisha mashine ya kupimia. Viboksi vyote vya kompyuta vya starehe, vya milango, vioo na viti, nimeviita kimoja kimoja. Hakuna kilichoitika! Nikamtangazia Mzee kwamba vyote vimekufa, vinunuliwe vipya. Mzee kanikazia macho. Kauliza vimekufaje vyote kwa mpigo, kwani kulikuwa na kipindupindu?

Meder kasikia kutoka ng'ambo, kacheka hadi kashika ukuta. Kapaza sauti ili mtaa mzima usikie, eti Taalai we, hao hawajafa, wote wanasemezana kwenye waya mmoja, kuna mwenzao kaukaba koo! Mshamba. Eti ananifundisha kazi.

Nimefungua mlango wa dereva ili nionekane nina shughuli. Nimeurudisha. Skrubu tatu zimebaki. Sijui za wapi.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata wazo. Langu mwenyewe kabisa. Nichomoe soketi za viboksi moja baada ya nyingine, huku nimeshikilia mita kwenye ule waya wa mawasiliano. Umeme wake umelala chini kabisa. Nikimchomoa mkorofi, utapanda. Meder asije akadai ni wazo lake, nimetundika zulia la mama mbele ya gari kama pazia.

Mlango wa dereva: kimya. Mlango wa abiria: kimya. Kiti cha dereva: kimya.

Burul kapita akitoka kazini, duka la dawa. Kauliza mbona nafanyia kazi nyuma ya zulia, nachinja kondoo wa watu? Nikajibu kwamba hizi ni siri za ufundi. Kanusa hewa. Kasema siri zangu zinanuka maziwa yaliyolala. Akaenda zake anacheka. Kicheko gani kile! Nikasahau nilikofikia, ikabidi nianze upya.

Alhamisi, 11 Julai

Soketi chini ya kiti cha abiria. Nimechomoa, na mita ikaruka! Nikabonyeza dirisha: likashuka. Nikabonyeza vioo: vikakunjuka. Rimoti: kwap, milango yote! Nimepiga vigelegele peke yangu nyuma ya zulia. Ng'ambo Meder kapiga makofi. Nusura nimpende.

Kisha nikainua kapeti.

Lo! Uji mweupe uliochacha. Soketi imeota kutu ya kijani. Katikati, chupa ya plastiki iliyopasuka, ina utepe mwekundu shingoni.

Chupa yangu! Mwezi uliopita niliosha gari hili bure, nikamfichia Mzee humo zawadi ya maziwa ya farasi kutoka malisho ya juu, aikute mwenyewe afurahi. Hakuikuta. Jua ndilo lililoikuta. Kumbe aliyelikaba koo gari ni mimi! Mzee akijua, hereni nimeziaga. Nimeisukuma chupa ndani ya buti langu la kazi.

Ijumaa, 12 Julai

Burul kaleta spiriti ya kusafishia soketi. Nilimwomba kidogo, kaleta chupa nzima, Mungu ampe maisha marefu. Kaona buti. Kavuta utepe kwa vidole viwili, taratibu. Kasema utepe huu aliufunga yeye, kwenye zawadi aliyonipa mwaka mpya.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akakaa juu ya tairi, akacheka hadi machozi. Akasema jambo refu kuhusu maziwa ya farasi, kwamba yakichacha yanapumua na kuvimba, na kuhusu kifuniko. Sikushika vizuri. Nilikuwa naangalia masikio yake. Mwishowe akasema babake hatasikia neno kutoka kwake.

Nimesugua, nimekausha, nimerudisha. Viboksi vyote vimeitika! Kiti kimepoa. Nimemweleza Mzee ni panya aliyekojoa kwenye soketi. Kanusa kapeti. Kasema panya huyo anakula vya gharama, bila shaka katoka milimani.

Jumamosi, 13 Julai

Bibi harusi kaingia. Dirisha limeshuka lenyewe, taratibu, kama mbele ya malkia. Wamama wakarusha pipi hadi ndani ya gari. Nililia. Meder naye alilia, kanishika bega, kasema kazi safi. Nimemsamehe kwa leo tu.

Jumapili, 14 Julai

Mama kaenda na hereni. Kakaribishwa, kapewa chai, kaandaliwa nyama. Mzee kanawa mikono. Kisha kamwita Burul. Burul kakaa mbele ya mama yangu, karudisha nywele nyuma, katoa sikio la kulia, halafu la kushoto. Zimeingia! Zote mbili!

Nina furaha nusura nipasuke. Lazima nimshukuru Mzee, tena kwa kumshtukiza. Jioni, wakati wote wako mezani, nimemwekea maziwa ya farasi ndani ya gari. Chupa mbili, chini ya kiti cha dereva, atakapoziona upesi. Burul alisema kitu kuhusu kifuniko, na nadhani sasa nimemwelewa. Mara ile nilikaza kwa mkono tu. Leo nimekaza kwa koleo.