Tai ya Njano na Milia ya Kromu

Jumatano, 21 Februari 1990
Makala mpya ya maabara imetoka. Mwishoni: shukrani kwa Bwana B. Dohmen kwa sampuli zake safi. Mara ya saba! Mimi, Krings, fundi wa pampu miaka kumi na moja, sijatajwa hata kwa bahati mbaya. Mama aliomba aone jina langu chapani kabla hajafa. Ana miaka themanini na tisa. Hana haraka, lakini mimi ninayo.

Nikiri: mikono ya Dohmen ni ya kuogopwa. Ndani ya tangi langu lisilo na hewa anatandaza mvuke wa chuma, kisha wa kromu, kisha chuma tena. Mkate na siagi, ila mwembamba kuliko fununu. Dokta Lindlar, mkubwa wetu, anataka mikate ishirini, kila mmoja na siagi ya unene wake. Nilimwuliza ya nini. Akasema vyuma viwili havigusani, lakini elektroni zinazozurura ndani ya kromu zinabeba habari za huku kwenda kule. Washenga! Kwa unene huu, sumaku za vyuma zinaelekea upande mmoja. Ongeza atomu chache tu, zinapeana kisogo. Ongeza tena, zinapatana. Shangazi zangu wawili wako hivyohivyo, na mshenga wao ni tarishi.

Alhamisi, 22 Februari
Karnivali imeanza: leo ni siku ya wanawake kukata tai za wanaume. Bi. Roswitha, katibu muhtasi, alinivizia mlangoni na mkasi saa tatu asubuhi. Eti, “Shingo hapa, Krings, usijifanye kobe!” Kipande cha chini cha tai yangu ya njano akakibandika ukutani kwake kati ya vingine. Nikabaki na kishina.

Dohmen alivaa hariri. Aliposikia wanawake wanapanda ngazi na matarumbeta, aliacha kromu ikitandazwa, akajificha stoo. Robo saa nzima! Nafasi niliyoiota. Kwa kishina changu nikafunga chupa ya maji kwenye mpini wa kifuniko kinachoukinga mvuke usifike kwenye sampuli, nikaitoboa. Chupa ikiwa nzito, kifuniko wazi. Maji yakivuja, springi inakifunga polepole, kuanzia upande mmoja. Kromu nene upande huu, nyembamba ule. Sampuli ya kutupa! Kwaheri, mikono ya dhahabu.

Chupa niliiondoa. Fundo la tai mpinini likakataa kufunguka. Nyayo! Nikakimbia bila tai.

Ijumaa, 23 Februari
Dohmen anadhani kishina ni utani wa wanawake. Amemalizia tabaka la juu, amepiga deki dimbwi la maji, hata kunung'unika hajanung'unika. Moyo wa malaika. Unaudhi.

Jumanne, 27 Februari
Wameiweka sampuli chini ya hadubini inayoonyesha sumaku imeelekea wapi. Nilisimama karibu nifurahie. Dokta Lindlar akamwita kila mtu. Nami nikachungulia.

Milia! Mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, kama soksi za wachekeshaji wa Karnivali. Kila unene ulikuwa pale, mmoja baada ya mwingine, na vyuma vinapatana, vinanuniana, vinapatana tena. Mikate ishirini kwenye kipande cha ukubwa wa kucha. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na nilikifanya kwa roho mbaya.

Wakampigia Dohmen makofi. Akayakataa! Alisema kifuniko kilijifunga chenyewe, na mpini ulikuwa na kipande cha tai.

Jumatano ya Majivu, 28 Februari
Baada ya samaki wa mchana niliitwa. Mezani kwa Dokta: kishina, na kipande cha ukutani kwa Bi. Roswitha. Vimeungana barabara. Bi. Roswitha kasimama kando, mikono kiunoni. Dokta aliuliza kama tai ni yangu.

Hapa ni kufukuzwa kazi! Nikaapa kwa Mama kwamba sijawahi kumiliki kitu cha njano. Bi. Roswitha akadakia, “We Krings, hii nimekukata mimi mwenyewe!” Nikamwambia miwani yake ina kasoro.

Dokta akahema. Akasema inasikitisha, kwani alitaka kumtaja mwenye tai kwenye makala, jina kamili.

Hapohapo nikakumbuka kuwa ni yangu, nikaeleza hata chupa. Akauliza chupa ilivuja kwa dakika ngapi, tundu la upana gani. Sikujua. Dohmen alikaa na karatasi, akakokotoa yote kutokana na dimbwi alilopiga deki.

Nimeiona rasimu; Dokta ameshikilia kiapo changu kwa Mama. Shukrani kwa Bwana B. Dohmen, na kwa tai isiyo na mwenyewe.

Alhamisi, 1 Machi
Nimenunua tai mpya, nyekundu. Nimemwomba Mama atarizi jina langu juu, katikati na chini, herufi kubwa. Hakuuliza sababu; anatunga uzi kwenye sindano. Jumatatu Dohmen anatandaza kromu tena. Chupa ninayo.